Tumbo la Iliasi

Kwa kuwa Iliasi alikuwa fundi cherehani, habari za tumbo lake alizijua kabla ya mtu mwingine yeyote. Alilegeza kiuno cha suruali yake ya Ijumaa, akaongeza kipande cha kitambaa kwa nyuma, na haukupita muda mrefu akakifumua na kuweka kikubwa zaidi. Wakati huohuo mashati yalianza kumpwaya mabegani. Watu wa soko la Kasongo waliopita mbele ya baraza lake walimtania kwamba biashara imemnenepesha, naye alicheka nao, akainamia mashine. Nuru mkewe, aliyekuwa akiuza mchele upande wa pili wa njia, ndiye pekee aliyemwona akiacha kukanyaga cherehani katikati ya mshono na kujishika ubavu, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Walitibu minyoo, wakatibu bandama, wakatibu hata maneno ya watu, maana shangazi yake Iliasi alikuwa na hakika kwamba kuna mkono wa jirani. Hakuna kilichopungua. Mwishowe Nuru alifunga gunia lake mapema, akamshika mumewe mkono mchana watu wakiona, akampeleka hospitali kwa Dokta Olga, daktari mgeni aliyesemekana amekuja na mashine mpya ya ekografi, inayoonyesha hata damu inavyotembea ndani ya mtu.

Mashine yenyewe haikuwa ya kutisha. Dokta Olga alimpaka Iliasi mafuta baridi tumboni, akapitisha kidude polepole, akabonyeza, akapima, akarudi palepale alipotoka. Nuru alisimama nyuma ameshika viatu vya mumewe. Kwa muda mrefu aliona moshi tu kwenye kioo. Halafu daktari akagusa mahali fulani, na ndani ya moshi zikatokea rangi, nyekundu na buluu, zikipiga kama kitu kinachopumua.

"Mama, sogea uone," Dokta Olga alisema. "Hii buluu ni mshipa mkubwa, ule unaorudisha damu kwenye moyo. Na hii yote, kutoka hapa mpaka hapa, ni uvimbe. Hauko kwenye ini, hauko kwenye bandama. Umeota nyuma ya matumbo."

"Unauminya ule mushipa?"

"Si kuuminya tu. Umeukumbatia. Tazama, mshipa unapita katikati yake." Aliitazama picha kidogo, kisha akashusha sauti. "Ni uvimbe wa nadra. Nimeusoma vitabuni, sijawahi kuukuta kwa mtu. Nitatuma hizi picha kwa mwalimu wangu Kinshasa, tusikie naye atasema nini."

Jibu liliporudi, Dokta Olga hakukaa nyuma ya meza yake. Alivuta kiti akakiweka karibu nao.

"Baba Subira, sitakupasua," alimwambia Iliasi.

"Hapa Kasongo vifaa ni kidogo, tunajua," Iliasi alisema, kana kwamba anamsaidia. "Tutaenda Kindu. Hata Kinshasa, kama ni lazima."

"Niliwauliza wa Kinshasa. Wao pia wamesema wasingeugusa. Anayeuvuta uvimbe ule anauvuta pamoja na mshipa, na damu itakayotoka hakuna wa kuizuia. Kama nisingekuwa na hii mashine, ningekupasua siku ileile nikidhani ni bandama. Ungefia mikononi mwangu."

"Sasa mashine imenisaidia nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyouliza mteja aliyepewa nguo isiyomfaa, kwa adabu, akitaka kuelewa. Dokta Olga alitazama mikono yake.

"Imenizuia mimi," alisema mwishowe. "Kuna muda umebaki nao, ambao ningekunyang'anya. Nitakupa dawa ya maumivu. Kula unachopenda. Kaa na watu wako."

Walipofika sokoni palikuwa na mwanamke anamngojea Iliasi barazani, naye Iliasi akamwambia kwamba gauni lake litakuwa tayari Ijumaa.

Alimasi, kaka yake mkubwa, alifika kutoka Kabambare juu ya pikipiki yake, matope mpaka kifuani, shangazi yao amekaa nyuma. Alimasi ndiye aliyemlea Iliasi tangu baba yao alipofariki. Alimnunulia cherehani ya kwanza, akamwozesha, na mpaka leo alimwita kijana. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara kati ya Kabambare na machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na pikipiki hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake.

Walikaa uani. Wanaume walipewa viti, shangazi akapewa kiti, Nuru akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, na binti yao Subira akapitisha chai.

"Mutu iko na kitu tumboni, kitolewe," Alimasi alisema. "Hapo iko shida gani?"

"Shemeji, niliona kwa macho yangu," Nuru alisema. "Mushipa wa damu unapita katikati ya ile kitu."

"Uliona. Udokta ulisomea wapi?"

Shangazi alicheka kidogo ndani ya kikombe chake.

"Yule dokta wenu hajui kupasua, anajificha nyuma ya mashine," Alimasi aliendelea. "Salamabila iko Raphaël. Anapasua wachimbaji, ngiri, kila kitu, na wanarudi kwenye mashimo yao wazima."

"Raphaël ni muuguzi, shemeji. Hana hii mashine."

"Ndiyo maana haogopi."

Nuru alitaka kueleza tena habari ya rangi zile, lakini aliposikia sauti yake mwenyewe aliona inafanana na sauti ya mtu anayedanganya. Shangazi aliweka kikombe chini.

"Mwanamke anayemkataza mume wake asitibiwe," alisema, hakumtazama Nuru, alimtazama Subira, "huyo moyoni mwake amekwisha kugawa vitu. Cherehani hii inauzwa, nyumba hii inapangishwa."

Subira alibaki na sinia mikononi, hajui aende wapi. Nuru alimgeukia mumewe ili aseme neno moja tu. Iliasi alikuwa anakuna ukucha wa kidole gumba.

Nuru alimfuata Iliasi nyuma ya nyumba, alipokwenda kutia udhu.

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Dokta ulimusikia."

"Nilimusikia. Alinipa nini cha kushika? Aliniambia nikae nisubiri. Yaya Alimasi ananiambia twende. Na wewe unaniambia nini, Mama Subira?"

Nuru alitafuta neno. Alilokuwa nalo lilikuwa lilelile la Dokta Olga, na ndani yake hakukuwa na kitu cha kumpa mtu anayetaka kuishi. Alimmiminia maji mikononi mpaka birika likaisha.

"Nitaenda na wewe," alisema.

Barabara ile iliwatesa. Alimasi alimbeba ndugu yake taratibu, akisimama kila penye mashimo na kumshusha, akivusha pikipiki kwanza juu ya magogo ya daraja kisha akirudi kumshika mkono, na Nuru aliyekuwa nyuma juu ya pikipiki ya kukodi aliona jinsi mtu huyu mgumu alivyomfuta mdogo wake jasho kwa kanga waliyopewa na shangazi. Hakuweza kumchukia. Ingekuwa rahisi kama angeweza.

Kituo cha Raphaël kilikuwa nyumba ya matofali mabichi nyuma ya maduka ya wanunuzi wa dhahabu. Raphaël mwenyewe alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kuchoka. Nuru alimweleza habari ya mshipa, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nitaangalia." Malipo aliyotaka hayakuwa mfukoni mwa mtu yeyote kati yao. Basi pikipiki iliyomleta Iliasi ndiyo iliyouzwa kumlipia. Mnunuzi, mfanyabiashara mmoja wa palepale, alipokuja kuichukua, Alimasi alifuta tangi kwa mkono wa shati lake, akaangalia kama taa inawaka, ndipo akatoa ufunguo.

Upasuaji haukuchukua muda, na hilo lilimtia Nuru hofu kuliko kama ungechukua siku nzima. Alimasi alisimama mlangoni tangu mwanzo, bega limegusa ubao. Raphaël alipotoka, shati limemlowa, alikuwa ameshika beseni lililofunikwa kitambaa. Alikifunua kidogo. Ndani palikuwa na kipande cha nyama ya rangi ya njano.

"Imetoka?" Alimasi aliuliza.

"Imetoka."

Alimasi alisujudu palepale, paji la uso kwenye vumbi la uwanja, wachimbaji wakipita na makoleo yao mabegani.

Iliasi alizinduka, akatapika, akaishi. Siku alipoanza kunywa uji, Raphaël alikuja kubadilisha bandeji na Nuru akamshikia taa ya simu. Kando ya mshono, chini ya ngozi, aliona ule mwinuko aliouzoea, upo mahali pake, na Raphaël akauzungushia pamba bila kuugusa.

"Kidonda kinaenda vizuri," Raphaël alisema.

Nuru alimfuata nje, mpaka kwenye kamba walipoanika glovu.

"Sikuulizi kidonda."

Raphaël alitazama mlango, kisha akatazama glovu.

"Nilifungua nikaona mishipa kila mahali," alisema, "minene kama kidole. Niligusa kidogo tu, damu ikaanza kuja. Nikafunga. Nilimushukuru Mungu kwamba imekubali kusimama."

"Na ile ya kwenye beseni?"

"Mafuta ya tumboni. Mama, mukubwa wake alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshauza pikipiki yake. Aliniuliza imetoka, nikaangalia uso wake, nikashindwa. Na sasa nikimurudishia pesa, atauliza juu ya nini ninazirudisha."

Ndani, Iliasi aliomba chai na sukari nyingi. Alimasi alisema kitu, wakacheka wote wawili, Iliasi akiomba kwa kilio cha mzaha asichekeshwe kwa sababu ya nyuzi. Nuru alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu kabla ya mvua. Alisimama pale kwenye kamba mpaka kikaisha. Kisha aliingia, akawatilia sukari.

Wakati wa kurudi walipumzika Kabambare, nyumbani kwa Alimasi. Majirani waliitwa, kuku wakachinjwa, dua ikasomwa, wali na sombe ya majani ya muhogo vikawekwa mbele ya watu. Alimasi alikuwa na furaha ya kumfanya mtu asitulie, anaamka, anakaa, anagawa nyama kwa mikono yake. Nuru alikuwa anapita na maji ya kunawa aliposikia anaitwa.

"Mama Subira, mimi sina kinyongo," Alimasi alisema. "Yaliyopita yamepita. Lakini sema tu mbele ya watu kwamba ulikosa, tumalize."

Nuru aliweka birika chini, akajifuta mikono, akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Nilikosa, shemeji. Niliamini mashine kuliko watu. Munisamehe."

"Umesikilizwa," shangazi alisema, na mwanamke mmoja nyuma yake akanong'ona kwamba afadhali amekiri. Iliasi alikuwa anatazama sahani yake. Alichambua kipande cha kuku, nyuzi moja moja, mpaka kikabaki mfupa, na hakula hata unyuzi mmoja.

Kasongo ilimpokea kama mtu aliyefufuka. Alifungua tena baraza, akapokea vitambaa vya Idi zaidi ya anavyoweza kushona, akawapima watoto wa mtaa mzima. Alizungumza habari ya kununua cherehani ya pili ili Subira ajifunze. Nuru alikubali kila kitu. Alikubali cherehani iwe mpya, alikubali wapake chokaa ukuta wa mbele, na jioni alipomwogesha nyuma ya nyumba, kiganja chake kikipita juu ya kovu na kukuta kile kilichokuwa chini yake, kila juma kikubwa zaidi, alimsimulia bei ya mchele.

Iliasi hakutaka kurudi hospitali. Alisema aliyepona anapimwa nini. Nuru akaenda peke yake, akijua atastahili maneno yoyote atakayoambiwa. Dokta Olga hakumlaumu. Alimsikiliza, akaandaa chupa ya dawa ya maumivu, akamwambia dalili zitakazokuja: miguu itavimba, kwa sababu damu haitapata njia ya kupanda.

"Yeye anajua?"

"Hajui, dokta."

"Utaweza kubeba hivi peke yako?"

"Yeye iko na furaha," Nuru alisema.

Miguu ikavimba. Iliasi akasema ni juu ya kukanyaga cherehani sana, na Nuru akasema ndiyo, ni cherehani, upumzike kidogo. Alipumzika leo, akapumzika kesho, na vitambaa vya watu vikarundikana kwenye kabati bila kukatwa.

Mchana mmoja mvua ilikuwa imekatika. Iliasi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, na Nuru anampaka mafuta ya mawese miguuni. Alimasi alikuwa amepiga simu. Siku hizi alibeba mizigo kwa baiskeli, akiisukuma kwa mguu milimani kama kijana, na alikuwa amesema kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia, kwamba haijutii pikipiki, kwamba pikipiki inanunuliwa na ndugu hanunuliwi. Iliasi alikuwa amecheka naye mpaka simu ikakatika.

"Usimwambie," Iliasi alisema.

"Nisimwambie nani?"

"Yaya. Hata nikishaondoka. Usimwambie kwamba haikutoka."

Mkono wa Nuru ulisimama juu ya goti lake.

"Nani alikuambia?"

"Tumbo ni langu, Mama Subira. Siku ya kwanza nilipoweza kujigusa, nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza. Niliona unafurahi juu yangu, nikasema nimuache afurahi."

Nuru alikuwa amefurahi kwa ajili yake, naye Iliasi alikuwa amefurahi kwa ajili ya Nuru, na majuma yote hayo ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na mtu mwenye furaha yenyewe. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Subira alikuwa ameahidiwa cherehani.

"Siku ile kwa yaya," Iliasi alisema, akipumzika kati ya maneno, "ulipopiga magoti. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa hapa. Nikamuangalia, nikamuona anagawa nyama kwa watoto wa watu, anacheka, pikipiki yake imeshakwenda. Nikameza. Nilikuacha pale chini mbele ya watu wote." Alifuta macho kwa ukingo wa kikoi. "Ile inanisumbua kuliko tumbo."

Nuru alichota mafuta mengine kwenye kibakuli.

"Nyosha muguu ule mwingine," alisema.

Akaunyosha. Alimpaka polepole, kutoka goti mpaka vidoleni, akarudia tena ingawa ngozi ilikuwa imekwisha kulainika, mpaka Subira aliporudi kutoka kisimani na wote wawili wakampa salamu kama kawaida.

Baada ya siku hiyo hawakudanganyana tena. Iliasi alimwambia Nuru wapi panauma. Alimwambia kitambaa kipi ni cha nani. Alilia mara moja, kwa sauti, akauliza kwa nini yeye, na Nuru alimshika kichwa bila kumjibu. Alifariki asubuhi ya siku ya soko, kabla ya Idi, na watu walikuwa wanapita na mizigo yao nje ya ua wakati mwili unafunikwa.

Matanga hayakuwa yamekwisha wateja walipoanza kuja kudai vitambaa vyao. Walikuja kwa adabu, wakatoa pole kwanza, wakakaa kidogo, kisha wakaulizia. Subira alivitoa kabatini kimoja kimoja, vikiwa bado na mikunjo ya dukani.

Alimasi alikuja na baiskeli. Aliiangusha mlangoni, akaingia na matope yake, akaanguka juu ya mkeka wa wanaume, akalia kwa namna ambayo watu wazima waligeuza nyuso. Siku ya mwisho ya matanga, maji yakipitishwa watu wanawe, alikuwa ameketi karibu na mlango wa wanawake. Dokta Olga alikuwepo, amejifunga kitambaa kichwani, ameketi na Nuru.

"Ilirudi," Alimasi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakutazama mahali popote. "Raphaël aliitoa yote, mimi mwenyewe niliiona. Lakini ilikuwa imeshatupa mizizi. Tungemupeleka mapema, angepona. Ule muda wote tuliokaa hapa, juu ya mashine." Alimgeukia Nuru. "Sikulaumu, Mama Subira. Lakini ni juu yako tulichelewa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Dokta Olga aliinua uso, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na Nuru akaweka mkono juu ya goti la daktari, akaukandamiza pale.

Alimtazama shemeji yake. Mikono ya Alimasi ilikuwa na malengelenge ya baiskeli, na alikuwa anangojea Nuru aseme.

"Ndiyo, shemeji," Nuru alisema. "Tulichelewa."

Kisha akainuka, akachukua birika, akammiminia maji anawe.